Herufi za Sisimizi

Karatasi tatu nimezitandaza juu ya meza ya kulia,
nimezikandamiza kwa kopo la sukari, miwani yake,
na kile kidude kinachobana kidole
na kusema themanini na tisa.
Fedha. Dhahabu. Lulu.
Ndiyo majina ya bima hizi za nyongeza,
kana kwamba tunapanga mahari.

Nje, Mabela inaungua. Saa tano ya asubuhi
na jua limeshageuza matangi ya maji kuwa mabirika.
Ndani, Harith amekaa chini ya kiyoyozi
anavuta hewa kama mtu anayevuta uzi
kwenye tundu la sindano asiloliona.

Hospitali ya serikali wametuandikia mwezi wa pili.
Huu ni wa saba.
"Si mbali," anasema. Na msikiti pia ati si mbali,
msikiti anaoufikia sasa kwa gari.
Daktari Sreelatha wa Ghubra, bingwa wa mapafu,
ana nafasi Jumanne yoyote,
kwa riali ambazo zikitoka mfukoni mwetu
zitatoka na ngozi.

Basi nasoma. Kiarabu cha bima si cha msikitini wala cha sokoni,
nakigeuza neno kwa neno kwa lugha niliyonyonya.
Maradhi yaliyotangulia: hayo mlikuja nayo wenyewe.
Muda wa kungoja, siku tisini: pumzi, subiri kidogo kibarazani.
Mgonjwa huchangia asilimia ishirini:
katika kila pumzi tano, moja ujilipie.

Fedha ni rahisi, ila mabingwa haiwajui.
Dhahabu inawajua wa moyo, wa macho, hata wa meno;
mapafu yamo chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
yamekaa ubavuni mwa neno *isipokuwa*.
Lulu, jina lenyewe lilimchekesha Harith,
kicheko kikageuka kikohozi, nikashika kikombe nikangoja.
"Waliozamia lulu kwenye Ghuba hii," alisema alipoweza,
"walibana pua, wakabana pumzi.
Miye ya kubana sinayo."

Nikapiga simu. Msichana, Kiarabu cha ofisini, kimepigwa pasi.
Umri? Sitini na nane. Sigara? Hata siku moja.
Amewahi kufanya kazi penye vumbi?

Nikaifunika simu kwa kiganja.
Miaka ishirini na tisa, kiwanda cha saruji.
Alikuwa akirudi kope nyeupe,
watoto wanakimbia kumpangusa kwa kanga yangu.
Nikamnong'oneza: tuseme ulikuwa karani?
"Zuwena," akasema,
akapumzika,
"saruji ile nimeila halali.
Usije ukaniharamishia leo."

Simu ikanyamaza. Kisha, kwa Kiswahili, chembamba, cha kulelewa na bibi:
"Mama, nimewasikia. Andika kweli.
Ukificha, siku ya kudai ndiyo watakayoichimbua.
Na Lulu usiichukue kwa jina lake.
Niambie kwanza daktari wenu ni nani."

Kwenye Lulu hakuwamo.
Alikuwamo kwenye Dhahabu, pamoja na kiambatisho cha kifua,
karatasi ya nne, ambayo hakuna aliyetutumia.
Riali kumi na nane zaidi kila mwezi, na siku tisini zile zile.
Nilimuuliza jina. Rayya. Nikamuuliza ukoo,
akacheka, akasema simu hizi hurekodiwa.

Bangili moja nimeshaivua, mkono umebaki na alama.
Harith ametia saini; mkono wake haukutetemeka,
ila alipofika kwenye jina la babu alisimama kuvuta hewa
na wino ukafanya doa.

Ngazi za kwetu ni kumi na tatu.
Ya saba ndipo zinapokata kona,
na hapo leo nimeweka kiti.
Amekipita akipanda, bila ya kukitazama,
amefika ya tisa,
amerudi.